VIPURI VYA VYOMBO VYA SAUTI: SHIDA YA GAIRO NDIYO SHIDA YA VISIWANI

SIKU hizi ni nadra kuona mkutano wa hadhara, harusi, maulidi au ibada ya Jumapili ikifanyika bila ya kipaza sauti. Kiongozi hupanda jukwaani, akaigonga mikrofoni kwa kidole, na iwapo sauti haikutoka, lawama zote humwangukia kijana aliyekaa nyuma ya vyombo. Ni wachache wanaouliza kwa nini chombo kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kimenyamaza kwa kukosa kipande kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Leo tunapenda kuuliza.

Tuanzie Gairo. Huo ni mji wa njiani, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, kwenye miinuko ya Ukaguru yenye upepo na vumbi la kiangazi. Ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa hadi mwaka 2012, ilipoanzishwa Wilaya ya Gairo. Reli haipiti hapo; kila kitu huja kwa lori au kwa basi. Mji ukishakuwa makao ya wilaya, mikutano huongezeka, kumbi huongezeka, na vijana wenye kukodisha muziki huongezeka vile vile. Vipuri vya vyombo hivyo, hata hivyo, bado hutazamiwa kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, au kwa bahati mjini Morogoro.

Tueleze jinsi hasara inavyoingia, maana wakubwa wengi hawaijui. Amplifaya ya ukumbini huzisukuma spika kwa transista kubwa zilizopangwa jozi jozi. Jozi inayojulikana sana kwa mafundi ni 2SC5200 na 2SA1943, ambazo asili yake ni Toshiba ya Japani. Na kwa kuwa zinatafutwa sana, zinaigwa sana. Transista ya bandia ina umbo lile lile na maandishi yale yale, bali ndani yake kile kipande cha silikoni kinachobeba umeme huwa ni kidogo kuliko inavyopasa. Ukiijaribu dukani kwa dakika mbili inafanya kazi. Ukiipeleka kwenye harusi ya usiku kucha inaungua. Wala haifi peke yake: ikishaungua na kushikana ndani, huweza kuupeleka umeme wa moja kwa moja hadi kwenye spika, na koili ya spika nayo ikateketea. Basi mtu aliyetaka kuokoa shilingi chache kwenye transista anajikuta amepoteza spika nzima, na jina lake mtaani pia.

Fundi wa Gairo hana namna ya kujikinga na hayo. Anaagiza kwa simu, fedha anazituma kwa simu, na bahasha inaletwa na kondakta wa basi. Akigundua kwamba mali ni ya bandia, nauli ya kwenda kulalamika ni kubwa kuliko bei ya kipuri. Hapo hulazimika kuchinja amplifaya moja ili kuponya nyingine, na baada ya mwaka mmoja kibanda chake kimejaa maganda matupu ya vyombo vilivyoliwa matumbo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kununua vyombo vipya. Hatukubaliani nao. Vyombo vipya vingi, hasa spika zenye amplifaya ndani yake, vimejengwa kwa vijipande vidogo mno vilivyobanwa kwenye bodi moja, na mara nyingi kiwanda hakitoi mchoro wa umeme wala hakiuzi kipande kimoja kimoja. Bodi ikifa hununuliwa bodi nzima, na bodi nzima kwa bei yake, usafiri wake kwa ndege na ushuru wake, hukaribia bei ya spika mpya. Huko Ulaya wameona ubaya wa jambo hili: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwabana watengenezaji wa baadhi ya bidhaa, kama mashine za kufulia na simu, wazitengeneze kwa bei ya haki. Vyombo vya ukumbini havikutajwa humo.

Mkoa wa Morogoro una haki ya kuumia zaidi ya mikoa mingine kwa jambo hili. Ndiko alikotoka Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Ndiko alikong'ara Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Katika miaka iliyofuata, fedha za kigeni zilipoadimika, ilikuwa heri kwa mwanamuziki kuwa chini ya shirika au jumuiya yenye uwezo wa kuagiza vyombo. Ndiyo maana bendi nyingi zenye nguvu zilikuwa za vyama vya wafanyakazi, vya vijana, za polisi, za jeshi na za mashirika ya umma. Mlimani Park yenyewe ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri. Mwanamuziki aliyehama bendi aliviacha vyombo nyuma, akaondoka na sauti yake na vidole vyake. Mwaka 1984 milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, vyombo viliingia. Vipuri vilivyo halali havikuingia kwa kasi hiyo.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kwamba tunawasimulia habari za mbali. Vumbi la Gairo huku kwetu nafasi yake imeshikwa na chumvi. Hewa ya bahari hula ncha za waya, hukwamisha vitufe vya mikisa na kuilainisha karatasi ya spika kabla ya wakati wake. Vikundi vyetu vya taarabu, na Ikhwani Safaa wametimiza zaidi ya karne moja tangu mwaka 1905, vinategemea mikrofoni na amplifaya kama vinavyotegemea udi na fidla. Kipuri kilichokuja Unguja kutoka Dubai, kikitaka kuvuka kwenda Bara, hukutana na suala la ushuru bandarini, ambalo kwa miaka mingi limehesabiwa miongoni mwa kero za Muungano. Fundi wa Gairo na fundi wa Darajani wangeweza kusaidiana. Leo kila mmoja anahangaika peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika watazame mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Halmashauri inaponunua vyombo vya sauti, mkataba udai mchoro wa umeme na vipuri vya akiba vya miaka mitatu: transista, fyuzi, koili na vitako vya waya. Gharama yake haifiki hata nusu ya posho za uzinduzi, tukisema hivyo bila ya kumkusudia mtu. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, ambazo huteketeza bidhaa za bandia mara kwa mara, ziingize vipuri vya elektroniki katika misako yao. VETA ya Mikumi mkoani Morogoro, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia hapa Zanzibar, zinaweza kuwafundisha vijana kusuka koili na kubandika karatasi mpya za spika, kazi inayotaka waya mwembamba, gundi, mkono mtulivu na mashine ndogo isiyokuwa na makuu. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivyo, haihitaji sheria mpya ili kuianza kazi hiyo.

Na kuhusu ushuru, tunashauri kwamba kipuri kinachoagizwa na fundi aliyesajiliwa, kwa idadi ya mkononi na si ya kontena, kilipiwe mara moja tu, upande wowote wa bahari kitakapoteremkia. Wizara za fedha za pande zote mbili hukutana. Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao.