Viazi vya Kukaanga: Kwa Nini Viliitwa vya Kifaransa?

Miongoni mwa visa vinavyosimuliwa juu ya viazi vya kukaanga, yaani chipsi, kinachopendwa zaidi ni kisa cha askari. Yasemekana kwamba baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, askari wake waliofika Ubelgiji walionjeshwa viazi vilivyokatwa vipande virefu na kukaangwa katika mafuta mengi. Kwa kuwa maofisa wa jeshi la Ubelgiji walitoa amri kwa Kifaransa, wageni hao walidhani kwamba wako miongoni mwa Wafaransa. Wakaviita viazi vya Kifaransa, na jina hilo wakarejea nalo kwao. Hivyo Ufaransa, kwa madai ya Wabelgiji, ilivikwa nishani isiyo yake.

Kisa hiki kinanoga, lakini tarehe zinakikataa. Mwaka 1856 kilichapishwa nchini Uingereza kitabu cha mapishi cha E. Warren, kilichokusudiwa watumishi wa nyumbani, na ndani yake vimo viazi vya kukaanga vya Kifaransa kwa jina hilohilo. Viazi hivyo vilikatwa slesi nyembamba, si vijiti kama vya siku hizi. Hata hivyo jina lilikuwa limekwisha kuzaliwa, miaka 61 kabla ya askari hao kuvuka bahari. Tena, katika hati za Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1809, umo upishi wa viazi vibichi vilivyokatwa vidogo vidogo na kukaangwa, nao umeandikwa kwa Kifaransa. Jefferson alikuwa balozi mjini Paris kabla ya hapo, na mpishi wake wa Ikulu, Honoré Julien, alikuwa Mfaransa. Kwa hiyo askari wa 1917 pengine walilieneza jina, kulibuni hawakulibuni.

Wabelgiji wana hoja ya pili. Husimulia kwamba maskini wa Namur, kando ya mto Meuse, walizoea kukaanga samaki wadogo, na mto ulipoganda kwa baridi walichonga viazi kwa umbo la samaki wakavikaanga badala yake. Mwandishi wa habari wa Ubelgiji, Jo Gérard, alidai kuwa aliyasoma hayo katika hati ya mwaka 1781. Pierre Leclercq, mwanahistoria Mbelgiji, hakubali. Hoja yake moja itaeleweka upesi na kila mama anayenunua mafuta ya kupikia: katika karne ya 18 mafuta yalikuwa ghali, na maskini hakuwa nayo ya kujaza chungu kizima kwa ajili ya viazi. Ni jambo la kusifiwa kwamba Mbelgiji ndiye aliyeupinga usemi unaoipa sifa nchi yake.

Wafaransa wenyewe walichelewa kukipenda kiazi. Walikidhania kuwa chakula cha nguruwe, tena kiletacho ukoma. Aliyewageuza ni Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia wa jeshi aliyetekwa na Waprusia katika Vita vya Miaka Saba (1756–1763). Gerezani alilishwa viazi, akatoka mzima wa afya, na tangu hapo hakuacha kuvitetea. Mwaka 1772 waganga wa chuo cha Paris walitangaza kwamba viazi havina madhara. Baadaye wachuuzi wa Paris wakawa wanavikaanga mitaani, na katika miaka ya 1840 Frederik Krieger, mzaliwa wa Bavaria aliyejifunza kazi hiyo Paris, akawa anaviuza katika maonyesho ya Ubelgiji.

Basi jina la chakula aghalabu humtaja aliyekileta, si aliyekianzisha. Waswahili nao husema viazi ulaya, ilhali asili ya kiazi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Neno mbatata lilipitia kwa Wareno. Chipsi limetoka kwa Waingereza. Na Rwanda, iliyotawaliwa na Ubelgiji hadi 1962, husema ifiriti, kutokana na frites la Kifaransa.

Ugomvi wa jina uliibuka tena mwaka 2003. Ufaransa ilipopinga vita vya Irak, migahawa ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilivibatiza viazi hivyo jina la "viazi vya uhuru". Mwaka 2006 jina la zamani likarudishwa kimyakimya. Upishi haukubadilika.

Katika upishi ndipo Wabelgiji wanapostahili heshima yao. Wao hukaanga mara mbili. Viazi vikishakatwa hukaushwa vizuri kwa kitambaa, kwani maji yakiingia katika mafuta ya moto hurusha cheche za kuunguza. Hukaangwa kwanza katika mafuta ya nyuzi 150 hadi 160 za sentigredi, hata viive ndani bila kugeuka rangi. Kisha huepuliwa na kuachwa vipoe. Wakati wa kula unapowadia hurudishwa katika karai kwa nyuzi 180, kwa dakika chache tu, vikapata rangi ya dhahabu na kukauka nje. Chumvi hunyunyizwa mwisho, vikiwa bado vya moto.