Jenerali Patton katika Mizani ya Wataalamu wa Tabia

Tarehe 3 Agosti 1943, katika kisiwa cha Sicily, Luteni Jenerali George Patton wa Jeshi la Marekani aliingia katika hospitali ya majeruhi karibu na mji wa Nicosia. Alipita akiwafariji waliojeruhiwa, kama ilivyokuwa desturi yake. Ndipo alipomkuta askari mmoja asiye na jeraha lolote. Alipomwuliza ana ugonjwa gani, askari akajibu kwamba hawezi tena kustahimili vita. Jenerali akamtukana, akampiga kwa glavu usoni, akamtoa hemani kwa teke. Baadaye ilidhihirika kwamba askari yule alikuwa na malaria. Siku saba baadaye, katika hospitali nyingine, jenerali alimpiga askari wa mizinga, akamtishia kwa bastola. Huyu alikuwa ameomba asiondolewe katika kikosi chake, madaktari wakakataa.

Je, kamanda huyo alikuwa mtu wa namna gani? Ndilo swali wanalolishughulikia wataalamu wa elimu ya nafsi. Mwaka 1936 Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Henry Odbert, walipekua kamusi ya Kiingereza, wakakusanya maneno karibu 18,000 yanayotumika kumpambanua mtu na mwenzake. Allport alifundisha kwamba watu wachache hutawaliwa na tabia moja kuu, ambayo huonekana katika karibu kila walitendalo. Walio wengi wana tabia chache za msingi, zile ambazo mtu angezitaja akiandika barua ya kumpendekeza rafiki yake kazini. Wataalamu waliofuata wakaona kwamba tabia nyingi hukusanyika katika mafungu matano: upokeaji wa mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu mbele za watu, upole kwa wengine, na wepesi wa kufadhaika.

Tukimweka Patton katika mizani hiyo, uchangamfu wake hauna shaka: bastola zenye mpini wa pembe, kofia ya chuma inayong'aa, hotuba kali. Upole ulikuwa haba. Lakini katika fungu la bidii na utaratibu ndipo wengi humkosea, kwani humdhania kuwa mtu wa pupa tu. Katika chuo cha kijeshi cha West Point alishindwa hisabati, akarudia mwaka, na mwaka 1909 akahitimu. Tarehe 19 Desemba 1944, Wajerumani walipokuwa wamevunja safu za Wamarekani huko Ardennes, aliahidi mbele ya Eisenhower kwamba ataweza kushambulia kwa divisheni tatu baada ya siku tatu. Waliokuwapo waliona ni majivuno. Kumbe maofisa wake walikuwa wamekwisha kutayarisha mipango kabla hajaondoka makao yake! Tarehe 26 vifaru vyake vilifika Bastogne.

Hapa ndipo nadharia inapoingia katika mtihani. Mwaka 1968 Walter Mischel aliwakosoa wenzake, akisema kwamba tabia peke yake haitabiri vema atakalotenda mtu katika tukio moja, maana mazingira nayo yana nguvu. Hoja hiyo yatuhusu sisi tuvaao sare. Ofisa aandikapo katika ripoti ya siri kwamba askari fulani ni "mwoga" au "mkaidi", neno hilo moja hubaki katika jalada miaka mingi, nalo humfuata mwenyewe kila anapotajwa kupandishwa cheo. Je, aliyeliandika alimwona askari huyo mara ngapi, na katika hali gani? Patton aliwaita woga watu wawili aliowatazama kwa dakika chache, na mmoja wao alikuwa na homa.

Eisenhower hakumfukuza. Alimkaripia kwa barua na kumtaka awaombe radhi wale aliowakosea, naye akafanya hivyo. Aliachwa miezi mingi bila jeshi la kuongoza vitani. Hata hivyo, kwa kuwa Wajerumani waliamini kwamba kamanda mkali kama yeye hawezi kuwekwa kando, jina lake lilitumiwa kuwahadaa: likatangazwa jeshi la uongo kusini-mashariki mwa Uingereza, kana kwamba litavuka kwenda Calais. Katika hilo hata sifa ya ukali ilikuwa silaha.

Vita vilipokwisha, Patton aliwekwa kuwa mtawala wa Bavaria. Mwezi Septemba 1945, mbele ya waandishi wa habari, aliwafananisha Wanazi na wanachama wa vyama vya siasa vya kwao Marekani. Safari hii Eisenhower alimwondoa. Desemba mwaka huo alifariki Heidelberg kutokana na ajali ya gari, akazikwa Luxembourg katika makaburi ya askari wa Kimarekani.