Kabla hujavunja ukuta wa fremu, itazame nguzo

Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa, na mtikisiko ulisikika hadi Uganda na Rwanda. Mwaka 2008 ilikuwa zamu ya Bukavu na Rusizi. Ni njia zetu zilezile za biashara.

Katika miji hii ya mpakani, ghorofa za zege hufuata mtindo mmoja: chini fremu za maduka, juu vyumba vya kulala.

Fundi atakuambia ukuta wa matofali kati ya nguzo haubebi kitu. Kwa uzito wa jengo, mara nyingi ni kweli. Lakini ardhi ikilisukuma jengo ubavuni, ukuta huo huzikaza nguzo zisiyumbe. Ukiutoboa mlango unapungua nguvu. Ukiuondoa wote uweke geti, msaada umekwisha. Juu, vyumba vina kuta, pamekaza. Chini pamelegea, hivyo kuyumba kote kunaziangukia nguzo za dukani. Wanaofuata nguo Istanbul wanaijua habari ya Agosti 17, 1999, pale zaidi ya watu 17,000 walipokufa kaskazini-magharibi mwa Uturuki. Majengo mengi ya zege yaliyoanguka yalikuwa na maduka chini.

Fremu ya kona, ile tunayoigombania kwa sababu ya wateja, ina lake pia. Pande mbili wazi, mbili zina kuta. Jengo likitikiswa hujisokota.

Stoo nayo ina mtego. Ukuta hujengwa nusu, juu yake dirisha refu kutoka nguzo hadi nguzo. Nguzo imebanwa chini, iliyo huru ni nusu ya juu tu. Kipande kikiwa nusu ya urefu, ugumu wake hufika mara nane, nacho huvuta nguvu kubwa kuliko nguzo wenzake, kisha hupasuka kwa nyufa za msalaba. Dawa yake ni ringi za karibukaribu nguzo nzima, au mwanya kati ya ukuta na nguzo, na mwanya huo usiujaze saruji.

Ukitaka kuunganisha fremu mbili, mwite mhandisi kwanza, si fundi wa nyundo. Mwenye nyumba akisema ule ni ukuta wa kugawa tu, mwombe mchoro wa jengo kabla hujalipa kodi ya miezi sita.