Majina Mawili, Dawa Moja

Askari aliyekesha lindoni, au aliyepiga gwaride katika jua kali la Kololo, si ajabu akiumwa na kichwa na mgongo. Atokapo kambini Mbuya au Nsambya hupita duka la dawa, akanunua vidonge vya aina mbili tatu na kuvimeza pamoja ili maumivu yaondoke upesi. Katika desturi hiyo mna hatari ambayo yatupasa kuieleza.

Panadol ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni parasetamoli. Dawa hiyo hiyo imo katika vidonge vingi vya mafua viuzwavyo kwa majina mengine. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Amezaye vya majina mawili aweza kuuvuka mpaka huo bila kujua. Ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mgonjwa aweza kujiona mzima.

Aspirini, diklofenaki na Brufen, ambayo ni ibuprofeni, ni za ukoo mmoja. Mwaka 1971 mtaalamu John Vane wa Uingereza alionyesha ya kuwa aspirini huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo huchochea maumivu. Lakini hizo hizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu kupita katika figo. Basi kumeza mbili za ukoo huo pamoja huongeza hatari ya vidonda vya tumbo, kutokwa na damu na kuumia figo, hasa kwa mtu aliyetokwa na jasho jingi pasipo kunywa maji.

Hatusemi kwamba dawa ni adui. Parasetamoli na ibuprofeni si za ukoo mmoja, na daktari aweza kuagiza zote mbili. Tusemalo ni kwamba lisomwe jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Mwenye homa apimwe malaria, kwani kuituliza homa si kuuponya ugonjwa. Mwenye choo cheusi kama lami, atapikaye damu, au aliyegeuka macho manjano, aende hospitali mara moja na pakiti zake mkononi.

Hakuna askari atiaye risasi katika bunduki bila kujua aina yake. Tumbo nalo lastahili hadhari iyo hiyo.