GRINDA NA MACHO YA FUNDI

Umeme umefika katika vijiji vingi. Pamoja na umeme zimekuja kazi mpya. Mojawapo ni kuchomelea vyuma. Fundi wa kijijini hutengeneza milango, mikokoteni na hata plau.

Kabla ya kuunga vyuma vinene, fundi huchonga kingo zake mshazari, kama makali ya patasi. Kazi hii hufanywa kwa mashine ya mkono iitwayo grinda.

Grinda ni ndogo, lakini ina mbio sana. Jiwe lake lenye upana wa milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika moja. Ukingo wa jiwe hukimbia zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Hakuna basi linalokimbia hivyo. Cheche unazoziona ni vipande vidogo vya chuma chenye moto.

CHUMA KIKIINGIA JICHONI

Kipande kikinasa juu ya jicho, huanza kushika kutu, kwa sababu jicho lina majimaji. Jicho huwa jekundu, hutoa machozi na huogopa mwanga. Lisipotibiwa, vijidudu huingia katika kidonda. Kidonda huacha kovu, na kovu likiwa katikati ya jicho, mtu haoni vizuri tena.

Mafundi wengi hutoana chuma jichoni kwa njiti ya kiberiti au ncha ya kitambaa. Wengine husifiwa kwa ustadi huo. Si ustadi. Njiti huongeza kidonda na kuingiza uchafu. Usitie pia maziwa ya mama wala dawa ya majani.

Usisugue jicho. Nawa mikono, kisha mimina maji safi jichoni polepole. Kipande kisipotoka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Lakini kama kipande kimechoma jicho, au unaona ukungu, usimimine maji wala usichomoe kitu. Funika jicho kwa kikombe safi kisichogusa jicho, ukifunge kwa kitambaa, kisha wahi hospitali. Chuma kidogo chenye kasi huweza kupenya ndani bila maumivu makali. Kwa hiyo usipime hatari kwa maumivu.

SOMA NAMBA ZA JIWE

Vaa miwani ya kazi inayoziba hata pembeni mwa macho. Miwani ya jua haitoshi, kwa maana kioo chake huweza kupasuka.

Grinda ina kinga ya chuma inayofunika sehemu ya jiwe. Mafundi wengine huiondoa ili wafunge jiwe kubwa katika mashine ndogo. Hapa ndipo kujua kusoma kunaokoa jicho. Tazama namba ya mizunguko kwa dakika iliyoandikwa kwenye mashine, kisha tazama ile ya jiwe. Namba ya jiwe isiwe ndogo kuliko ya mashine. Jiwe kubwa la milimita 230 kwa kawaida huandikwa 6,600 hivi. Ukilifunga kwenye mashine ya 11,000 huweza kupasuka, na vipande vyake huruka usoni.

Tazama pia kama jiwe lina ufa, au mwaka wake umepita. Tarehe huandikwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati. Tena, usichonge kwa ubavu wa jiwe jembamba la kukatia. Kuchonga kuna jiwe lake, nalo ni nene, kama milimita 6.

Unapobadili jiwe, chomoa waya wa umeme kwanza. Funga chuma kwenye jiliwa, usikikanyage kwa mguu. Shika mashine kwa mikono miwili. Usivae nguo inayoning'inia.

Halafu kuna watoto. Watoto hupenda kutazama cheche, nao husogea karibu kila unapowasha mashine. Wao hawana miwani. Zima mashine, wapeleke mbali, ndipo uendelee.