Programu 'iliyojaribiwa' ilijaribiwa kwa bei zipi?

Juma lililopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi mwalimu wa shule ya upili, akiwa na tangazo la kurasa nne. Kampuni fulani ilikuwa imempa kazi ya kulitafsiri kwa Kiswahili, naye akataka nimkagulie sarufi. "Prof, angalia tu kama ngeli zimekaa sawa," akasema. Ngeli zilikuwa zimekaa sawa. Kilichonikwaza ni sentensi moja: "Programu yetu ya kununua na kuuza mikataba ya baadaye imejaribiwa kwa bei za miaka kumi na kufaulu kwa asilimia 90." Nikamuuliza ilijaribiwa vipi. Akacheka kidogo, kisha akafichua kwamba yeye mwenyewe ameshaomba mkopo wa shilingi 300,000 katika Sacco yake ili ajiunge. "Hii kitu inalipa, Mwalimu. Wameijaribu mpaka basi."

Mimi ni mtu wa isimu, si wa fedha. Hata hivyo, nimewahi kushiriki katika kazi ya istilahi za uchumi, na kazi hiyo ilinilazimu kusoma mengi ambayo sikuyatarajia. Leo naomba nilishughulikie neno hilo moja, 'kujaribiwa', kwa sababu kuna mkopo wa mtu unaolitegemea.

Tuanze na biashara yenyewe. Dalali humwendea mkulima wa maembe matunda yakiwa bado machanga, wakapatana bei ya siku ya kuchuma. Huo ndio mzizi wa mikataba ya baadaye. Wajapani waliifanya kwa mchele katika soko la Dojima mjini Osaka, lililotambuliwa rasmi mwaka 1730. Wamarekani waliipangia kanuni za kudumu kwa nafaka mjini Chicago mwaka 1865. Hapa kwetu, Soko la Hisa la Nairobi lilizindua mikataba ya aina hii Julai 2019, ila ya hisa, si ya maembe. Anayenunua hahitaji ghala. Aghalabu huuza mkataba wake kabla ya siku ya kupokea bidhaa kufika.

Tena hatoi bei yote. Huweka sehemu ndogo tu, mara nyingi chini ya moja ya kumi. Nimeona watu wakiiita sehemu hiyo 'ukingo', tafsiri ya sisisi inayopotosha. Neno tunalo: dhamana. Kama ile ya mahakamani, hukufungulia mlango bila kukufutia deni. Ukiweka dhamana ya 100,000 kwa mkataba wa 1,000,000, bei ikishuka kwa asilimia 10 dhamana imekwisha. Ikishuka zaidi, unadaiwa. Hesabu hufanywa kila siku, na wewe hupigiwa simu uongeze pesa au mkataba uuzwe kwa bei yoyote.

Sasa, programu za aina ile hufuata kanuni zilizoandikwa mapema: bei ikifanya hivi, nunua, ikifanya vile, uza. Ili kujua kama kanuni inafaa, mtungaji huiendesha juu ya bei za zamani aone ingepata nini. Hapo ndipo lugha yetu inapomsaidia muuzaji. Kitenzi 'jaribu' kina nyuso kadhaa: kujitahidi kufanya jambo, kupima kitu, hata kutia mtu katika majaribu. Ukisema 'imejaribiwa', msikilizaji husikia 'imepimwa ikathibitika'. Hasikii mambo mawili yaliyoachwa nje: ilipimwa kwa bei zipi, na nani alikuwa ameziona bei hizo kabla ya kuitunga.

Sisi Wakenya tunajua maana ya mtihani uliovuja. Mtahiniwa aliyeuona karatasi usiku wa kuamkia siku ya mtihani hupata A, na A hiyo haituambii lolote kuhusu anachokijua. Programu iliyotungwa kwa kutazama bei za miaka kumi, kisha 'ikajaribiwa' kwa bei zilezile, ni mtahiniwa huyo. Mtungaji hugeuza kanuni kidogo: siku 20 ziwe 23, Jumatatu iachwe, dhahabu iondolewe. Kila akigeuza, alama hupanda. Baada ya mageuzi mia mbili kanuni imekariri yaliyopita, na haina ilichojifunza.

Wala hahitaji kuwa mwongo. Chukua programu 1,024 zisizojua chochote, kila moja ikikisia kwa kurusha sarafu kama bei itapanda au itashuka mwezi ujao. Baada ya miezi kumi, kwa wastani moja itakuwa imepatia yote kumi. Hiyo ndiyo itakayotangazwa. Zile 1,023 hatutazisikia kamwe.

Mtungaji mwaminifu hufanya kama baraza la mitihani linavyopaswa kufanya. Huzigawa bei: zile za miaka ya mwanzo hutungia kanuni, za miaka ya mwisho hufungiwa kwenye bahasha. Anapomaliza kutunga, hufungua bahasha mara moja tu. Matokeo yakimuudhi akarudi kurekebisha kanuni, basi bahasha nayo imeshavuja, hana budi kutafuta nyingine. Aidha, hukata gharama zote: ada ya dalali, na ile tofauti kati ya bei uliyoiona kwenye kioo na bei uliyopewa.

Kuna mtego mwingine usiojulikana sana. Mikataba hii hufa. Mkataba wa Machi ukifikia ukomo wake, unahamia wa Juni, ambao huenda bei yake iko juu zaidi siku hiyohiyo. Programu ikiiunganisha miwili bila kurekebisha, itaona 'faida' mahali ambapo mwenye mkataba hakupata hata senti. Nilipomuuliza mwanafunzi wangu kama tangazo linasema lolote kuhusu hayo, alilipekua upya, ukurasa baada ya ukurasa. Hamna.

Tuseme basi mtihani haukuvuja. Bado swali kubwa halijajibiwa, nalo ni hili: uweke kiasi gani? Hapa ninapenda kisa cha Kobe. Mwaka 1983 mfanyabiashara Richard Dennis wa Chicago alibishana na mwenzake William Eckhardt kuhusu iwapo kazi hii inafundishika. Dennis alisema inafundishika. Wakatangaza kwenye magazeti, wakachagua watu wachache na kuwapa mafunzo ya majuma mawili tu. Dennis aliwaita Kobe kwa sababu alikuwa ameona shamba la kufugia kobe kule Singapore. (Kiingereza chao hakitenganishi kasa na kobe kama tufanyavyo sisi; msomaji wa pwani anisamehe.)

Kanuni yao ya kununua ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza: bei ikipita kilele cha siku 20 zilizopita, nunua. Kundi la pili la kanuni lilitumia siku 55. Ustadi ulikuwa kwenye kipimo. Walihesabu wastani wa mtikisiko wa bei kwa siku, kisha wakanunua kiasi ambacho mtikisiko huo ungewagharimu asilimia 1 tu ya mtaji. Mwenye shilingi 1,000,000, mkataba ukitikisika kwa 5,000 kwa siku, hununua miwili. Mkataba ukitikisika kwa 10,000, hununua mmoja. Bei ikirudi nyuma mara mbili ya mtikisiko, anatoka bila kubishana, akiwa amepoteza asilimia 2. Na mtaji ukipungua kwa asilimia 10, hupunguza ukubwa wa biashara kwa asilimia 20.

Kwa nini woga wote huo? Kwa sababu kanuni za aina hii hukosea mara nyingi kuliko zinavyopatia; hula faida kwa safari chache ndefu. Kukosea mara kumi mfululizo ni jambo litakalotokea, ukikaa sokoni vya kutosha. Anayehatarisha asilimia 2 kila mara, baada ya hasara kumi za 1,000,000 yake hubaki na takriban 817,000. Anayehatarisha asilimia 25 hubaki na takriban 56,000. Kanuni ni ileile, na bahati mbaya ni ileile. Tena anayepoteza nusu ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi alipokuwa. Hapo ile 'asilimia 90' ya tangazo inageuka kuwa maneno matupu: mtu anaweza kupatia mara tisa akipata 1,000 kila mara, akakosea mara moja akapoteza 20,000. Hata Dennis mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1988 mifuko aliyowasimamia watu ilipata hasara kubwa mno, akajiondoa sokoni kwa muda.

Na kuna siku ambazo hazimo katika bahasha yoyote. Tarehe 20 Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona na maghala ya Cushing, Oklahoma yakiwa hayana nafasi, mkataba wa mafuta wa Mei ulifungwa mjini New York kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Ijumaa iliyotangulia ulikuwa dola 18.27. Mkataba mmoja ni mapipa 1,000. Aliyeushikilia alipoteza dola 55,900 kwa kitu ambacho bei yake yote ilikuwa dola 18,270. Baadhi ya programu hazikuweza hata kuonyesha alama ya kutoa mbele ya bei. Zilikuwa zimejaribiwa, ndiyo, kwa bei ambazo hazijawahi kushuka chini ya sifuri.

Kwa hivyo wataalamu wa upande huu hawaishii kuuliza 'ingepata nini?' Huzichafua bei makusudi: huzipanga upya kwa kubahatisha maelfu ya mara, hupandisha gharama maradufu, huongeza pigo baya kuliko lililowahi kutokea, kisha huuliza kama mtaji ungekuwa hai. Kiswahili kingeweza kuwasaidia kwa kutenganisha mambo haya. Napendekeza 'kurejelea' kwa kuendesha kanuni juu ya bei ilizotungiwa, 'kutahini' kwa bei zilizofungiwa kwenye bahasha, na 'kutesa' kwa kuipitisha katika mabaya ya kubuni. Wahariri wa kurasa za biashara watanishambulia kwa hilo la tatu, lakini sijaona bora.

Nilimrudishia mwanafunzi wangu tangazo lake likiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu. 'Imejaribiwa' nimeikata na kuandika 'imerejelewa', na pembeni maswali matatu: Bahasha iko wapi? Kila mara inahatarisha kiasi gani? Hasara yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya miezi mingapi? Akaniambia atayapeleka maswali kwa kampuni kabla ya kukabidhi tafsiri. Jumanne alinipigia simu. Wamemlipa kazi ya kutafsiri na kumwambia maswali hayo si ya mtafsiri. Mkopo wa Sacco umeshaidhinishwa, lakini hajauchukua.