Kauli na Picha katika Mswada wa Filamu: Mfano wa Kitui na Makueni

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja linalowakabili waandishi chipukizi wa filamu za Kiswahili katika Kitui na Makueni, nalo ni kukata tamaa kabla ya kuumaliza mswada. Aghalabu hali hii huhesabiwa kuwa uvivu. Maoni yetu ni kwamba chanzo chake kimo zaidi katika fani: mwandishi huchoka kwa kuwa wahusika wake husema lugha ambayo yeye mwenyewe hajapata kuisikia midomoni mwa watu.

Wengi wa wenyeji wa sehemu hizi lugha yao ya kwanza ni Kikamba. Mwandishi anapoketi kutunga hukimbilia Kiswahili cha darasani, akakitwika mzigo wote wa kisa. Tuchukue mfano wa kubuni. Ni kiangazi, wanawake wawili wamefika penye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa Mto Tiva. Mwandishi humfanya mmoja wao aseme: "Kama ujuavyo, mvua imekosekana kwa misimu miwili, na maji yamekuwa haba." Kauli hiyo haimwambii mwenzake lolote asilolijua, inasemwa kwa ajili ya mtazamaji tu.

Sasa tuiache picha ifanye kazi yake. Maji yaliyomo yatajaza mtungi mmoja. Mwanamke mzee anausogeza mtungi wake mbele. Kijana anasema: "Mwaitu, mimi nimefika kabla ya jogoo." Mzee hajibu, anaketi mchangani. Kijana anamtazama, kisha anaurudisha nyuma mtungi wake. Ukame umeelezwa bila kutajwa. Zaidi ya hayo, neno moja la Kikamba, mwaitu, yaani mama, limebeba heshima ambayo ndiyo iliyoamua shauri.

Kuchanganya lugha kwa namna hii si jambo geni. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, alitunga kwa Kikamba na kwa Kiingereza, na katika Without Kiinua Mgongo (1989) alichanganya Kiingereza na Kiswahili. Katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake, Comb Books, akavichapisha vitabu vyake mwenyewe. Vilipopigwa marufuku Tanzania mwaka 1976, hakuacha kuandika. Wapo wanaomlaumu kwa matumizi yake ya lugha. Lakini hapana shaka kwamba aliwajua wasomaji wake.

Mwandishi wa filamu ana sababu kubwa zaidi ya kuwajua wasikilizaji wake. Filamu ni kazi ya gharama, na mswada waweza kukaa miaka sandukuni. Anayemngojea mwenye fedha ndipo apate moyo atangoja sana. Afadhali kila onyesho likamilikapo alisome kwa sauti mbele ya wale aliowaazima kauli zao. Wakicheka mahali pake, au wakimsahihisha, atapata sababu ya kuandika onyesho linalofuata.

Nasi walimu tuna sehemu yetu ya lawama. Tunapoipiga wino mwekundu kila kauli isiyo sanifu, huenda tunaifuta ile ile iliyompa mwandishi hamu ya kuendelea.